Hewa ya ofisini: analipa mmoja, anafaidi mwingine

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie hewa wanayovuta wafanyakazi wa maofisi ya Dar es Salaam, yale ya ghorofani yenye madirisha ya vioo yasiyofunguka na AC zinazonguruma kutwa nzima.

Tuanze na kosa linalozaa mengine yote. AC ya ukutani, ile yenye kipande kimoja ndani na kingine nje, haileti hewa mpya ofisini. Kinachopita kwenye mabomba ya shaba kati ya vipande hivyo ni gesi ya kupoozea tu. Kipande cha ndani huvuta hewa ileile ya chumbani, huipooza, huikausha kidogo na kuirudisha. Zile za darini zinazopuliza pande nne hufanya hivyo hivyo, isipokuwa chache zilizounganishwa na bomba la hewa ya nje. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa na ubaridi mzuri wa nyuzi 23 huku watu kumi na wawili wakivuta hewa waliyokwisha kuitoa wenyewe tangu asubuhi. Ubaridi na usafi wa hewa ni vitu viwili tofauti, na mpangaji anapoambiwa kwamba ofisi ina “AC ya kutosha” ameambiwa habari za kimoja tu.

Kuna namna ya kupima bila kubahatisha. Mtu mzima aliyekaa mezani hutoa hewa ukaa (kaboni dayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua) kiasi cha lita 18 kwa saa. Nje, hewa ukaa ni kama sehemu 420 kwa milioni, na kando ya barabara yenye foleni huzidi hapo. Kama kila mtu analetewa lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde, kipimo cha chumbani hupanda mpaka karibu 920 na kutulia. Akiletewa lita 2.5, hupanda kuelekea 2,400. Mwaka 1858 mwanasayansi Max von Pettenkofer wa mjini Munich alipendekeza kiwango cha 1,000 kuwa mpaka wa hewa nzuri ya chumbani, na mpaka leo wengi wetu tunaanzia hapo. Ieleweke kwamba kwa viwango hivi hewa ukaa yenyewe si sumu. Inatuonyesha tu ni kiasi gani cha pumzi za watu, jasho, harufu za rangi na gundi za samani, pamoja na vijidudu vya mafua na kifua kikuu, vimebaki ndani kwa kukosa pa kutokea.

Kipimo kinachofaa ni kile kinachotumia mwanga wa infraredi. Vile vya bei ya chini kabisa mara nyingi havipimi hewa ukaa. Hunusa kemikali nyingine, kisha hukisia namba. Ukitaka kukijua, kipeleke nje penye upepo kwa dakika 20. Kikikaa karibu na 420 au 450, kinafaa. Kikionyesha 700, kirekebishwe kwanza au kiachwe. Ndani kiwekwe kwenye usawa wa uso wa mtu aliyekaa, mita moja au zaidi kutoka kwa mtu yeyote, mbali na dirisha na mbali na mdomo wa AC. Kiachwe siku tatu za kazi kikirekodi. Kipimo cha saa mbili asubuhi hakisemi kitu. Cha kuangalia ni cha saa tano na cha saa kumi jioni.

Kuna na jaribio jingine linalofanyika watu wakishatoka, tena halina gharama. Tuchukue chumba cha mita 10 kwa 6 chenye kimo cha mita 2.7, yaani mita za ujazo 162. Saa kumi na moja jioni kinasoma 2,020. Toa 420 ya nje, inabaki ziada ya 1,600. Milango ikafungwa, na baada ya saa moja kikasoma 1,220, yaani ziada ya 800. Ziada ikipungua kwa nusu ndani ya saa moja, hewa ya chumba hubadilishwa mara 0.7 kwa saa (si 0.5, kwa kuwa hewa mpya huchanganyika na ya zamani, na sehemu yake hutoka nayo). Hiyo ni mita za ujazo 113 kwa saa, au lita 31 kwa sekunde. Gawa kwa watu kumi na wawili: kila mmoja anapata lita 2.6, na zote zinapenya kwenye nyufa za milango na fremu. Mwezi Machi 2021, katika mwongozo wake wa nyakati za korona, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya hospitali. Chumba hiki kina robo ya hapo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo mazungumzo na wenye majengo hukwama.

Kuleta hewa ya nje katika mji wa pwani si jambo la kutoboa ukuta na kufunga feni. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 70 hubeba takriban gramu 20 za maji katika kila kilo. Ndani, kwa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 55, tunataka gramu 11. Ofisi ya watu 50 inahitaji lita 500 za hewa kwa sekunde. Ukipiga hesabu, hewa hiyo huingia na maji yanayokaribia lita 19 kila saa. Ni karibu ndoo kubwa nzima ya maji kwa saa, na lazima yatolewe na koili baridi (yale mabomba yaliyopinda ndani ya AC ambamo gesi ya kupoozea hupita), la sivyo yatakwenda kwenye karatasi, mazulia na silingi bodi. Hapo ndipo wanapoharibu wale wanaofunga feni ukutani bila mpango: hewa ukaa inashuka vizuri, lakini miezi miwili baadaye makabati yananuka ukungu.

Kupooza na kukausha lita 10 kwa sekunde kwa mtu mmoja, kutoka hali hiyo ya nje mpaka ile ya ndani, kunahitaji nguvu ya ubaridi ya wati 345 hivi. Kwa mtambo unaotoa ubaridi mara tatu ya umeme unaokula, hizo ni wati 115 za umeme. Kwa saa 9 za kazi na siku 250 za mwaka, ni kama yuniti 260. Tukiweka shilingi 350 kwa yuniti, ni shilingi 91,000 kwa mtu kwa mwaka. Umeme wa feni ya kusukuma hewa kwenye mabomba huongeza kama 8,000. Vichujio tuviwekee 10,000. Huduma ya AC, tukichukua mashine nane kwa watu 50, mara nne kwa mwaka, kwa shilingi 40,000 kila moja, ni kama 26,000 kwa mtu. Jumla ni shilingi 135,000 kwa mwaka. Bei zibadilishwe kulingana na stakabadhi za kila ofisi. Hesabu inabaki ileile. Na tumeipiga kwa ukali, kama vile kila siku ya mwaka ni ya Februari. Juni na Julai mzigo hupungua.

Upande wa pili wa mizani, chukua mfanyakazi anayemgharimu mwajiri shilingi milioni moja kwa mwezi, mshahara na michango yote. Siku yake moja ya kazi ni shilingi 48,000. Gharama yote ya hewa yake kwa mwaka mzima haifiki bei ya siku tatu. Akipunguza siku tatu za kuumwa, fedha imerudi.

Je, hupungua? Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulifuatilia wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa kampuni moja kubwa katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ulilinganisha sehemu zilizopata lita 12 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu na zile zilizopata 24. Watafiti walikadiria kwamba asilimia 35 ya likizo fupi za ugonjwa zilitokana na ule upungufu wa hewa. Angalia kwamba hata hao wenye hewa kidogo walikuwa na lita 12, wakati sisi tunabishana juu ya 2.6. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaweka wafanyakazi 24 katika ofisi za majaribio mjini Syracuse na kubadilisha hewa bila kuwaambia. Katika mtihani wa kufanya maamuzi, alama zao zilikuwa juu kwa asilimia 61 siku za hewa yenye kemikali kidogo, na kwa asilimia 101 pale hewa ya nje ilipoongezwa pia. Tusiupakie utafiti huo mzigo usioubeba: watu 24 ni wachache, na majaribio mengine ya hewa ukaa peke yake yametoa majibu yanayotofautiana. Hatumshauri mwajiri apange bajeti kwa kuamini kwamba kazi itaongezeka maradufu. Hesabu ya siku tatu za kuumwa inatosha, na kila ofisi ina rejesta ya mahudhurio ya kuihakiki.

Kuna historia inayofaa kukumbukwa na wanaotaka kuokoa umeme kwa kuziba hewa. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, Wamarekani walibana majengo yao, na mwaka 1981 kiwango chao cha chini cha hewa ya nje kikashushwa mpaka lita 2.5 kwa mtu. Malalamiko ya macho kuwasha, koo kukauka na vichwa kuuma yalitapakaa maofisini. Mwaka 1989 kiwango cha ofisi kilipandishwa mpaka lita 10. Sisi tumejenga minara mingi baada ya hapo, na vyumba vingi ndani yake viko kwenye lita zilezile za 1981.

Gharama yenyewe inaweza kupunguzwa sana. Upo mtambo wa kubadilishana joto na unyevu, ambamo hewa baridi inayotoka hupishana na ya moto inayoingia, zikitenganishwa na utando mwembamba. Ulio mzuri huokoa asilimia 60 ya mzigo, na zile shilingi 91,000 zikashuka mpaka 36,000 hivi. Lakini una miiko yake. Vichujio vyake vifyonzwe vumbi kila mwezi, kwa sababu vikiziba feni hulia vilevile lakini hewa haipiti, na hakuna anayegundua. Kiini chake kikiwa cha utando wa karatasi kisimwagiwe maji. Kifyonzwe kwa brashi laini. Tena hewa ya chooni isipitishwe humo. Chooni pawe na feni yake inayotoa nje moja kwa moja.

Hewa inayoletwa izidi kidogo ile inayotolewa, kama asilimia 10. Feni za vyoo zikitoa kuliko kinacholetwa, jengo huvuta hewa ya joto kupitia nyufa za kuta na juu ya silingi. Hewa ile ya nyuzi 31 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Ndiyo maana ofisi inayowekewa AC nyuzi 17 huota ukungu nyuma ya kabati lililoegemea ukuta wa nje, na mabomba yasiyofunikwa vizuri hudondosha maji juu ya silingi hadi bodi inapiga madoa ya kahawia. Watu hulaumu paa, na fundi wa paa huitwa mara tatu bure.

AC kubwa kupita kiasi ni balaa jingine la pwani. Muuzaji husifu mashine kubwa. Hiyo hupooza chumba kwa dakika tano na kuzima kabla koili haijakausha hewa, kisha huwaka tena. Chumba kinakuwa baridi na chepechepe, watu wanazidi kushusha nyuzi, na ukungu unashamiri. Unyevu wa ndani ubaki chini ya asilimia 60, na kifaa cha kuupima ni rahisi kupatikana. Joto likiwekwa nyuzi 24 au 25 na rimoti zikatolewa mikononi mwa watu, umeme unaookolewa hapo hulipa sehemu nzuri ya ule wa hewa mpya.

Kuhusu huduma, mafundi wenzetu watuwie radhi. Kuosha kichujio na kupuliza koili kwa mbele si huduma kamili. Uchafu mbaya uko kwenye feni ya ndani, ile ya duara yenye mabawa mengi membamba, na kwenye trei ya maji iliyo chini ya koili. Humo ndimo utelezi mweusi hukua, na kila mashine inapowaka humpulizia aliyekaa chini yake. Kichujio kioshwe kila wiki mbili kwa maji na sabuni na kukaushwa kivulini. Kila miezi mitatu mashine ifunguliwe, feni na trei visuguliwe, koili ioshwe kwa dawa isiyo na tindikali kali, maana tindikali hula mapezi ya alumini. Bomba la maji literemke walau sentimita moja kwa kila mita, na mwisho wake usizamishwe kwenye bomba la maji machafu. Harufu ya choo inayosikika Jumatatu asubuhi mara nyingi hupanda kwa njia hiyo, kwa kuwa maji yanayokaa kwenye kona ya bomba la maji machafu kuzuia harufu yamekauka mwisho wa wiki. Bodi au zulia likilowa, likaushwe ndani ya saa 24 hadi 48. Likipita hapo litolewe. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuufunika tu.

Mdomo wa kuvutia hewa ya nje usikae juu ya jenereta wala maegesho. Mita 10 kutoka bomba la moshi ni kidogo kabisa, na upande unakotoka upepo uangaliwe. Kaboni monoksidi haina harufu, na siku umeme ukikatika ndiyo siku ambayo jenereta na mdomo huo hufanya kazi pamoja. Kwenye barabara za vumbi na malori, kiwekwe kichujio cha daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa kichujio kukamata vumbi laini), kikitanguliwa na kingine cha kukamata vumbi kubwa. Feni iwe imechaguliwa kwa kuzingatia jinsi vichujio hivyo vinavyoizuia hewa. Wanaokichomeka kichujio kizito kwenye feni dhaifu hupata hewa nusu. Feni hiyo izimwe usiku AC zinapozimwa, la sivyo italowanisha ofisi mpaka asubuhi, na iwashwe pamoja nazo nusu saa kabla ya watu kufika. Mashine kubwa za fotokopi zipewe chumba chao chenye feni ya kutoa nje. Dawa ya wadudu ipigwe Ijumaa jioni, si asubuhi ya kazi, na manukato ya kupuliza hayapunguzi chochote. Yanaongeza kemikali nyingine.

Wasomaji wa Arusha, Mbeya na Nairobi wana bahati kubwa. Kwao hewa ya nje ni baridi, na dirisha hulipa kila kitu. Linalotakiwa ni nafasi inayofunguka isiyopungua asilimia 4 ya eneo la sakafu. Ila madirisha ya upande mmoja hufikisha hewa ndani kwa umbali wa mara mbili tu ya kimo cha chumba, yaani mita 5.4 kwa kimo cha mita 2.7. Waliokaa ndani zaidi ya hapo hawapati. Yakifunguka pande mbili zinazotazamana, hewa hufika mara tano ya kimo. Inasikitisha kuona majengo mapya ya miji hiyo yakifungwa vioo visivyofunguka na kisha kuwekewa AC.

Kwa nini basi haya hayafanyiki, ikiwa hesabu ni nyepesi hivi? Kwa sababu mifuko ni tofauti. Mwenye jengo ndiye anayenunua mitambo, na kila bomba analoliacha ni akiba yake. Mpangaji ndiye anayelipa umeme. Mwajiri, ambaye mara nyingi ndiye mpangaji, hupata hasara ya siku za kuumwa, lakini hasara hiyo iko kwenye faili la utumishi wala haiko kwenye faili la majengo. Na mfanyakazi, anayeumwa kichwa, hana sahihi kwenye karatasi yoyote kati ya hizo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri, lakini mwajiri hawezi kutoboa ukuta usio wake.

Kwa hiyo pa kushika ni mkataba wa pango, kabla ya sahihi. Uandikwe kwa namba: lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu, kwa idadi ya watu iliyotajwa, hewa ukaa isizidi 1,000 ofisi ikiwa imejaa, unyevu usizidi asilimia 60. Uandikwe nani anaosha nini na kila baada ya muda gani. Mpangaji apime kwa siku tatu ndani ya mwezi wa kwanza, na kodi ya robo mwaka inayofuata isilipwe yote mpaka vipimo vifikiwe. Taasisi za serikali na benki, ambazo hupanga ghorofa nzima kwa miaka mingi, ndizo zenye nguvu ya kuanza kudai hivyo, kwa kuwa mwenye jengo hayuko tayari kuwapoteza.

Ni sisi,
Wahandisi na mafundi wa mitambo ya hewa majengoni,
Dar es Salaam